ULIZA TUKUJIBU: Setelaiti inaweza kuunganisha nchi kweli?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Juzi tulibishana sana na mshkaji wangu, yeye anasema nchi maskini kununua setelaiti ni sifa tu za viongozi, mi nikasema hapana, inaweza kuwafanya wananchi wajione kitu kimoja. Akanambia haya nitajie nchi moja. Nikakwama. Ipo kweli au nilikuwa najiongelea tu?

JIBU: Ipo ndugu yangu, we mwambie Indonesia afu umwangalie usoni.

Nchi ile ni visiwa zaidi ya 17,000 na lugha zaidi ya 700, sasa hebu piga picha unavuta waya wa simu chini ya bahari kisiwa hadi kisiwa, au unasimika minara kwenye milima ya misitu isiyo na hata barabara, utamaliza lini? Serikali ya Suharto, rais wao wa wakati huo, ikaona bora ipitie juu. Ikaagiza setelaiti kwa kampuni ya Hughes ya Marekani, ikarushwa Julai 1976 kutoka Florida, na chini vikajengwa vituo 40 vya kupokea na kutuma mawimbi. Kabla yao waliokuwa na setelaiti za mawasiliano ya ndani ya nchi ni Wasovieti, Kanada na Marekani, basi.

Jina lake Palapa. Karne ya 14 waziri mkuu wa dola ya Majapahit hukohuko Indonesia, Gajah Mada, aliapa hataonja palapa (wengi wanasema ni viungo vya chakula) mpaka visiwa vyote viwe chini ya dola yake. Ona hapo, kuunganisha kwa huyo mzee maana yake ilikuwa kutawala, na Suharto alijua anachokifanya alipolichagua hilo jina.

Sasa ilisaidia? Kwa lugha, mi nasema ndiyo. Kiindonesia vijana walikiapia mwaka 1928 kuwa lugha ya umoja ila wengi hawakuzaliwa nacho, wanakutana nacho shule. Televisheni ya taifa, TVRI, ilianza Jakarta 1962, na Palapa ikaipeleka mbali, kwa hiyo mtu aliyeko kisiwa cha mwisho naye anakisikia kila jioni na habari anaipata siku ileile. Ingawa kila kitu kinatoka Jakarta mpaka saa! Jakarta ikiwa saa moja usiku, Jayapura kule Papua ni saa tatu, mtu anasinzia ndo kwanza habari inaanza.

Na kioo cha TV kina mambo yake. Unamwonyesha mtu wa kijijini jinsi wenzake wa mjini wanavyoishi afu unategemea ajione sawa nao? Mwaka 1981 serikali ikapiga marufuku matangazo ya biashara TVRI, hofu ikiwa watu wa vijijini watatamani vitu wasivyoweza kununua.

Ndo maana mi naipa simu maksi nyingi kuliko TV, kwa sababu simu inajibu. Palapa ilikaa juu karibu kilomita 36,000, yaani neno lako linapanda huko na kushuka, robo sekunde imekwenda, jibu nalo robo sekunde nyingine. Unasema haloo, kimya, unadhani hakusikia unarudia haloo, kumbe jibu lake ndo linaingia, mnagongana, mnanyamaza wote wawili, mnaanza tena wote wawili. Inakera lakini huyo unayegongana naye ni ndugu yako aliyeko kisiwa kingine, ambaye zamani ungemwandikia barua ukasubiri meli.

Ila usimdanganye mshkaji wako kwamba setelaiti inaunganisha wasiotaka. Mwezi uleule wa Julai 1976 Indonesia iliitangaza Timor Mashariki kuwa mkoa wake baada ya kuivamia, ikaitawala zaidi ya miaka 20, TVRI nayo ikafika huko. Walipopigishwa kura 1999, zaidi ya asilimia 78 wakachagua kuondoka.

Kuhusu sifa za viongozi mpe pointi yake moja. Palapa ilizinduliwa rasmi na Suharto tarehe 16 Agosti, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru, na hiyo tarehe haikuangukia hapo yenyewe.