Mashine ya kukereza ya saizi ya kati: mota ya hospawa ngapi inafaa karakana ya Tanga?

Fundi akiniuliza anunue mashine ya kukereza ya hospawa ngapi, nami humuuliza: unataka kukereza nini? Miguu ya meza na nguzo za kitanda cha besera? Visukumio vya chapati? Au mabakuli mapana na vyano vya kuuza hotelini? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu, kwa sababu mota ya hospawa 1 inayomaliza mguu wa mninga bila shida inaweza kusimama kabisa ukiiwekea bakuli la upana wa sentimita 40.

Nawaandikia hasa mafundi wenzangu wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na wale wa Muheza walio jirani na misaji ya Longuza, ambao kwa miaka wamekuwa wakipeleka vipande vyao kwa mwenye mashine na sasa wanataka ya kwao. Ninaposema saizi ya kati nina maana mashine inayobeba mti wa kipenyo cha inchi 12 mpaka 16, na urefu wa mita 1 hivi kati ya ncha mbili zinazoubana. Ndogo zaidi ya hapo ni za kalamu na vishikizo vya droo. Kubwa zaidi inahitaji karakana ya aina nyingine.

Kwenye kipimo cha upana uwe macho. Wamarekani hutaja kipenyo kizima cha mti unaoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine (reli zake ndefu za chini). Waingereza na watengenezaji kadhaa wa Ulaya wana desturi ya kutaja kimo, kutoka kitandani hadi katikati ya shafti inayozungusha mti, ambacho ni nusu ya kipenyo. Kwa hiyo mashine ya Kiingereza iliyoandikwa milimita 200 inaweza kuwa kubwa kuliko ya Kimarekani iliyoandikwa inchi 12. Kama unanunua kwa picha za simu, mwambie muuzaji asimamishe futi kitandani mpaka kwenye ncha ya shafti, apige picha, akutumie. Urefu hausumbui sana. Mguu wa meza ni sentimita 75 hivi, na nguzo ndefu za besera tangu zamani hukerezwa vipande vipande, zikaunganishwa kwa ulimi na tundu, kiungo kikafichwa ndani ya pete ya nakshi.

Sasa mota. Hospawa 1 ni wati 746. Hiyo ni nguvu kwa ujumla, lakini patasi haigusi nguvu kwa ujumla. Inagusa mti mahali fulani, kwa mwendo fulani. Tufanye hesabu, maana bila hesabu hii mtu hununua kwa maneno ya muuzaji. Chukua mguu wa meza wa unene wa sentimita 7 unaozunguka mara 1500 kwa dakika. Mota ya hospawa 1 itaweza kuupinga mkono wako kwa msukumo wa karibu kilo 14 pale makali yanapokata. Huo ni msukumo mwingi. Hakuna fundi mwenye bobari (patasi yenye mfereji) iliyonolewa anayeuhitaji wote. Chukua sasa bakuli la sentimita 40, ulishushe mpaka mizunguko 500 kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. Hospawa ileile, na pembezoni mwa bakuli msukumo umebaki kilo 7 hivi. Unafanya kazi, ila ukikata kwa pupa mti unasimama. Ukiwa na hospawa 2 unarudi kwenye kilo 14, na hapo unakata kwa raha.

Angalia nilivyosema: kwa kuhamisha mkanda. Mkanda ukitoka puli ndogo ya mota kwenda puli kubwa ya shafti, mwendo unapungua na nguvu ya kuzungusha inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Zipo mashine nyingi siku hizi zenye kitufe cha kupunguza mwendo kwa umeme bila kugusa mkanda. Kitufe hicho ni kizuri, ninakitumia kila siku, lakini hakiongezi nguvu ya kuzungusha. Mota iliyofungwa puli ya moja kwa moja, ikapunguzwa kwa kitufe kutoka 1500 mpaka 500, lile bakuli la sentimita 40 litapata msukumo wa kilo mbili na nusu tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mashine iliyoandikwa hospawa 2 na bado akashindwa na mwenzake wa hospawa 1 yenye puli za ngazi (puli zenye vipenyo kadhaa vya kuhamishia mkanda). Ushauri wangu ni kutafuta yenye vyote viwili: kitufe, na angalau ngazi mbili za mkanda, bora tatu. Ukikuta haina ngazi ya chini ya mkanda, hospawa zake zigawe kichwani mwako kabla ya kuzilipia.

Nikitoka hapo naangalia mwendo wa chini kabisa kabla hata ya kurudi kwenye mota. Wakerezaji wana kanuni inayofaa kukaririwa: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Mti wa inchi 12 uende kati ya 500 na 750. Wa inchi 16 uende kati ya 375 na 560 hivi, na hiyo ni kwa mti ambao tayari umekaa sawa. Gogo bichi la mwembe au mfenesi lililokatwa kwa msumeno wa mnyororo, upande mmoja mzito kuliko mwingine, lianze chini ya hapo. Mtikisiko hukua kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, gogo linaitikisa mashine mara nne. Mashine nyingi za bei nafuu zinabeba inchi 14 kwenye karatasi lakini mwendo wao wa chini ni 600 au 700. Mashine kama hiyo, kwangu mimi, ni ya miguu ya meza, hata kama picha ya tangazo ina bakuli.

Uzito ni rafiki wa mota. Kitanda na kichwa (upande wenye shafti) vya chuma cha kusubu hunyonya mtikisiko, na patasi ikitulia unakata kwa nguvu ndogo. Mashine ya inchi 16 iliyotengenezwa vizuri hupita kilo 150. Ya mabati yaliyokunjwa unaweza kuifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege na kuiwekea mifuko ya mchanga kwenye miguu, na itasaidia, ila kichwa chenyewe kikiwa chepesi hakuna mchanga utakaokitibu.

Na mti gani? Mpingo unatisha watu kwa ugumu wake, unazama majini, lakini kazi zake nyingi ni nyembamba: vinara, vishikizo, filimbi. Hospawa 1 inautosha kabisa, na patasi kali inafanya zaidi ya mota. Mvule una mawe ndani yake, vipande vyeupe vya chokaa vinavyoweza kung'oa makali ghafla. Mnazi, upande wa nje, unameza makali kwa dakika chache. Msaji nao hufubaza patasi mapema. Anayekereza miti hii ya kwetu, sehemu ya fedha aliyotaka kuongeza hospawa aihamishie kwenye mashine nzuri ya kunolea na patasi za chuma kigumu cha kasi (HSS). Nimeona mota nyingi zikilaumiwa kwa kosa la patasi butu.

Umeme sasa, na hapa karakana zetu zina mambo yake. TANESCO inatuletea volti 230 kwa fezi moja, hezi 50, lakini mwisho wa laini ndefu, jirani akianza kuchomea geti, taa zinafifia wote tunaona. Mota ya kawaida ya indaksheni hupoteza nguvu ya kuzungusha kwa mraba wa volti. Zikishuka mpaka 200, umebaki na robo tatu ya nguvu. Zikishuka mpaka 180, umebaki na asilimia 60 hivi, na mota inavuta umeme mwingi zaidi ili ijikaze, inachemka. Kabla ya kununua, chukua mita, pima volti kwenye soketi ya karakana saa za kazi, jirani zako wote wakiwa wamewasha. Nyaya zako mwenyewe nazo zinakula volti. Waya mwembamba wa kuongezea, uliozungushwa kwenye boksi, usiulishe mota hata siku moja. Vuta laini yake kutoka kwenye ubao mkuu kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, na kama karakana iko mbali na mita, panda mpaka 4.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Mota ya hospawa 2, yaani kilowati 1.5, inavuta ampea 9 au 10 ikiwa kazini, kwa hiyo plagi inaivumilia. Tatizo ni kuwaka. Mota ya fezi moja ikianza kuzunguka huvuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida kwa muda mfupi, ndipo sakiti breka inaporuka na jenereta ndogo inapozima. Jenereta ya kilowati 2 itahangaika sana na mota hiyo. Ndiyo maana kwa mashine ya saizi ya kati sishauri hospawa 3 ya fezi moja: utalipia umeme na nyaya kwa nguvu ambayo kitanda chenyewe hakiwezi kuibeba.

Njia ninayoipenda, nayo ndiyo niliyoiweka kwenye mashine yangu ya mabakuli, ni mota ya fezi tatu inayoendeshwa na inveta ya kubadilisha mwendo. Inveta inapokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Soma kibao cha mota: kikiandika 230/400, mota ifungwe kwa delta, si kwa nyota (ndizo namna mbili za kuunganisha nyaya za mota ya fezi tatu). Inveta huiwasha mota polepole, kwa hiyo taa za jirani hazizimiki na breka hairuki. Usiweke swichi kati ya inveta na mota. Washa na zima kupitia inveta yenyewe. Usikae muda mrefu kwenye mwendo wa chini sana wa umeme pia, kwa sababu feni ya mota iko kwenye shafti yake na inapunga kidogo wakati joto halijapungua. Hapo ndipo unapohamisha mkanda. Inveta iwe kwenye boksi mbali na vumbi, na hewa ya chumvi isiiingie ovyo.

Hewa hiyohiyo ya bahari inakula kitanda cha mashine. Wakati wa masika kutu inaweza kuonekana asubuhi mahali ulipoacha pasafi jana. Futa kwa mafuta mepesi kila ukifunga kazi, au paka nta, ambayo haichafui mti. Chagua mota iliyofungwa yenye feni ya nje, iliyoandikwa IP54 (alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji ya kurushwa), kuliko ile yenye matundu wazi yanayonyonya vumbi la mbao mpaka kwenye koili.

Mambo madogo ya haraka: shafti iwe na uzi unaopatikana, M33 kwa mashine za Ulaya au inchi 1 na robo zenye meno 8 kwa kila inchi kwa za Kimarekani, ili chaki ya meno manne (kifaa cha kushikia mti kwenye shafti) usiitafute mwaka mzima. Tundu la koni liwe namba 2 ya Morse (mfumo wa vipimo vya koni), kichwani na mkiani, yaani upande wa pili unaoshika mwisho wa mti. Ikiwa mashine inazunguka kinyume, chaki iwe na skrubu ya kuifungia isijifungue. Ngao ya uso ununue siku unayonunua mashine, na mwenye mazoea ya kufunga kikoi akiwa kazini avae suruali.

Kwa hiyo ninamwambia nini yule fundi aliyeniuliza? Kama ni miguu ya meza, nguzo na visukumio: inchi 12, hospawa 1, mashine nzito ya chuma, basi. Anayechanganya, miguu leo na bakuli la sentimita 30 kesho, achukue hospawa 1 na nusu yenye puli za ngazi. Anayetaka mabakuli na vyano kama kazi yake ya kila siku aende inchi 16, hospawa 2, mwendo wa chini usiozidi 250 kwa mkanda.

Hospawa hizo zisomwe kwenye kibao cha mota, si kwenye stika ya rangi. Tafuta ampea, zidisha na volti. Stika ikisema hospawa 2 na kibao kikasema ampea 5, basi mota inavuta wati 1150 tu, nayo haiwezi kutoa 1500. Tafuta pia alama S1, maana yake inaweza kufanya kazi mfululizo; S2 ni ya muda mfupi kisha ipumzike. Kwa mashine ya mtumba, sogeza mkia mpaka ncha mbili zikutane: zisipogusana sawasawa, kitanda au kichwa kimepinda. Zungusha shafti kwa mkono ukisikiliza beringi. Kisha iwashe, iache nusu saa ikiwa na mti, na uguse mota. Kibao cha mota kikiwa kimebanduliwa, nampa muuzaji bei ya chuma peke yake, mota naihesabu haipo.