Kuoksidisha na kuoksidika: fuata elektroni

Nilipoanza kufundisha tuisheni ya kemia, niliwaambia wanafunzi kwamba kuoksidisha ni kutia oksijeni, basi. Jina lenyewe linakuvuta huko. Kisha binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, mbona wanasema klorini inaoksidisha sodiamu? Hapo oksijeni iko wapi?" Siku ile sikuwa na jibu la maana, na iliniuma.

Tangu hapo naanza na msumari. Chukua msumari wa chuma usiopakwa kitu, usugue kwa msasa hadi ung'ae, kisha uutumbukize kwenye maji yenye mrututu, ule wa buluu, yaani salfeti ya shaba. Vaa glavu, maana mrututu ni sumu. Baada ya dakika chache msumari unavaa ukoko wa rangi ya wekundu na kahawia. Hiyo ni shaba. Ukiuacha zaidi, hata buluu ya maji inafifia. Chuma hakikuungana na oksijeni hapo. Kila atomu ya chuma iliyoingia majini imetoa elektroni mbili, zile chembe ndogo za chaji hasi, na ioni ya shaba, yaani atomu ya shaba iliyopungukiwa elektroni, imezipokea. Huko kutoa elektroni ndiko kuoksidika. Maana ya zamani ingali sahihi, kama magneziamu inapoungua hewani, ila inakaa ndani ya hii iliyo pana zaidi.

Kinachowakwaza wengi ni kioksidishaji. Wanadhani ndicho kinachopoteza elektroni. Mtihani wako ni wa Kiingereza, najua, lakini jambo hili lielewe kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu vitenzi vyetu vimeshalipanga: jua hukausha, nguo hukauka. Vivyo hivyo klorini huoksidisha, sodiamu huoksidika. Kinachooksidisha ndicho kinachopokea. Kabla hujajibu swali, andika pembeni nani kampa nani elektroni.

Tena, usiite kila kilichooksidika kutu. Kutu ninayoizungumzia ni ya chuma: inataka oksijeni na maji, na chumvi ya bahari huiharakisha, ndiyo maana sisi wa pwani inatusumbua sana. Bati la kawaida la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Hata likichunika kidogo, zinki iliyo jirani hutangulia kutoa elektroni zake, chuma kinasalimika. Zinki ikishaliwa, ndipo unaona ile michirizi ya hudhurungi ikishuka kutoka kwenye tundu la msumari.