Kikokotoo: tunabishania asilimia, hasara iko kwenye 580 na 12.5

Kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa mafao ya mtumishi wa umma wa Tanzania anapostaafu. Mwalimu wa shule ya msingi anayestaafu mwakani ameuliza: "Niko kwenye kundi la asilimia 40 au 35, na ikilinganishwa na waliotangulia nitapungukiwa kiasi gani?" Jibu la swali la kwanza ni fupi. Aliyekuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF au LAPF kabla ya mifuko kuunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka 2018 analipwa mkupuo (fedha ya mara moja anapostaafu) wa asilimia 40 ya pensheni yake; inayobaki hulipwa kila mwezi. Aliyetoka PPF au GEPF, mifuko mingine iliyounganishwa, anapata 35. Viwango hivi vilianza Julai 2024, baada ya miaka miwili ya asilimia 33 kwa wote.

Swali la pili ndilo zito, na halijibiwi kwa asilimia.

Chukua mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na michango ya miezi 360. Kikokotoo cha zamani cha PSPF na LAPF kilizidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, kikagawa kwa 540. Hapo panatoka pensheni ya mwaka ya 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 ikawa mkupuo wa 62,000,000, na nusu iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12, yaani 333,333 kila mwezi.

Kikokotoo kilichoanza Julai 1, 2022 kinagawa kwa 580. Pensheni ya mwaka inashuka hadi 7,448,276 kabla hujagusa asilimia yoyote. Kisha mkupuo unazidishwa kwa 12.5 badala ya 15.5. Kwa asilimia 40, mtumishi huyohuyo anapata mkupuo wa 37,241,379 na 372,414 kwa mwezi. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya milioni 24.7, pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 39,081. Gawanya cha kwanza kwa cha pili: inahitajika miaka zaidi ya 52 ya kupokea pensheni ili nyongeza ya mwezi ifidie kilichoondoka. Anayestaafu na miaka 60 angefika 112.

Sasa jaribu kubadilisha asilimia peke yake. Baki na 540 na 15.5, shusha mkupuo toka 50 hadi 40: unapata 49,600,000 na 400,000 kwa mwezi. Mkupuo umepungua, lakini mwezi umepanda kwa 66,667. Hayo ni mabadilishano. Fedha imehama toka mkupuo kwenda pensheni ya mwezi ya mtu yuleyule. Milioni 12 nyingine na zaidi zilizoondoka hazikuhamia popote, na zimeondoka pamoja na shilingi 27,586 za kila mwezi. Hiyo ndiyo kazi ya 580 na 12.5.

Ndiyo maana nyongeza ya 2024 haikuponya kidonda. Toka 33 hadi 40 mtumishi wetu aliongezewa 6,517,241 kwenye mkupuo, akapunguziwa 43,448 kwenye kila mwezi. Gawanya: miezi 150 kamili, miaka 12.5 ileile. Amepewa mapema fedha zake mwenyewe. Ni nafuu kwa mwenye nyumba isiyopauliwa, sikatai, ila isiitwe nyongeza ya mafao.

Hoja ya serikali nayo isikilizwe kwa haki. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Hata mtu huyu angelipwa milioni moja tangu siku ya kwanza, michango yote kabla ya faida ya uwekezaji ingefika 72,000,000, wakati mkupuo wa zamani peke yake ulikuwa 62,000,000. Mfuko usingebeba hilo milele. Lakini sehemu ya uzito huo haikuletwa na mtumishi. Kabla ya 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuchangia, PSPF ikarithi wajibu wa kuwalipa, na serikali ikakaa na deni hilo miaka mingi hadi ilipotoa hati fungani isiyo taslimu, yaani ahadi ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17. Mifuko ilikopesha pia miradi ya serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwamo, na marejesho yakachelewa. Aliyekatwa kila mwezi bila kukosa hapaswi kuwa wa kwanza kupunguziwa.

Wewe uliye kazini bado, kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwako.

La kwanza ni miezi. Kwa mshahara wa mfano wetu, kila mwezi usioonekana kwenye taarifa ya michango unaondoa 103,448 kwenye mkupuo na 1,034 kwenye kila pensheni. Ikipotea miezi 12, imeondoka milioni 1.24. Miezi hupotea hasa wakati wa uhamisho, halmashauri moja ikiacha kulipa kabla nyingine haijaanza, au jina la kwenye ajira likitofautiana na la kitambulisho cha taifa (NIDA). Toa taarifa ya michango, iweke pembeni ya hati zako za mishahara, linganisha mwezi kwa mwezi. Makato yakiwa kwenye hati na hayako kwenye mfuko, andika barua kwa mwajiri, nakala PSSSF, ukiambatisha hati hizo. Chini ya miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi kabisa, kwa hiyo aliyeajiriwa akiwa mtu mzima ahesabu mapema zaidi.

La pili ni daraja la mshahara. Mshahara unaotumika sasa ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Ongezeko la 100,000 lililodumu miaka mitatu kamili linaongeza mkupuo kwa 3,724,138. Likija mwaka wa mwisho tu, linaongeza 1,241,379. Barua ya kupandishwa iliyolala kwa afisa utumishi miaka miwili imekula tofauti hiyo, na malimbikizo hayairudishi yasipoingizwa kwenye mshahara wa miaka husika na kukatwa michango. Fuatilia ukiwa na miaka 55. Usingoje semina ya wastaafu watarajiwa. Ukifika pale hesabu imeshafungwa.

Na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Mei Mosi ijayo msiombe asilimia tena. Namba 580 na 12.5 zimo kwenye kanuni anazotia saini waziri, hazihitaji muswada bungeni. Daini tathmini ya mfuko iwekwe wazi, muulize 580 ilipatikanaje, kisha muulize pensheni ya mwezi itapandishwa lini na kwa kipimo gani bei zinapopanda, kwa kuwa ile 372,414 haipandi yenyewe.