"Mnatakiwa kufunga": ni faradhi au ni suna?

SWALI: Baada ya Idi lilisomwa tangazo msikitini kwetu: "Waislamu wote mnatakiwa kufunga siku sita za Shawwal." Mama yangu ana kisukari, akaingiwa na hofu kwamba asipofunga atapata dhambi. Jirani akamwambia, "Hiyo suna tu." Je, kutakiwa si ndiyo wajibu wenyewe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwanza mtulize mama. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi huku pwani, sita ya Shawwal ni suna: ukifunga una thawabu, usipofunga huna dhambi. Kilichomtia hofu ni kitenzi.

"Kutakiwa" kumeshachukuliwa na ofisi. Unatakiwa kufika saa mbili kamili, mnatakiwa kulipa ada kabla ya tarehe fulani. Aliyelelewa na barua za namna hiyo akilisikia neno hilo msikitini husikia amri, na simlaumu hata kidogo. Mwandishi wa tangazo huenda alikusudia "inapendeza" au "ni vyema". Maneno hayo tunayo, na tuyatumie.

"Lazima" nalo tunalimwaga ovyo. Ramadhani utasikia, "Lazima ule daku!" Daku ni suna. Kisichoachika usiku huo ni nia ya kufunga kabla ya alfajiri, nayo mara nyingi haitajwi kabisa mezani, wote wanahimizana uji.

"Sharti" lina mtego wake. Katika mazungumzo, "sharti uje" maana yake huna budi kuja. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, sharti ni kile ambacho bila hicho tendo halisihi. Chukua rakaa mbili za kabla ya adhuhuri. Ni suna, hupati dhambi kwa kuziacha. Lakini ukishanuia kuziswali, udhu ni sharti. Kwa hiyo jambo lisilo la lazima linaweza kuwa na masharti yasiyoepukika, na anayesikia "sharti" asikimbilie kudhani kuwa swala yenyewe ni faradhi.

Kuhusu "wajibu": kwa Mashafi, faradhi na wajibu ni kitu kimoja, isipokuwa katika hija, ambako nguzo ikiachwa hija haitimii, na wajibu ukiachwa hufidiwa kwa kuchinja. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, huyatenganisha maneno haya mawili; kwao swala ya witri ya usiku ni wajibu, si faradhi, ilhali kwetu ni suna iliyotiliwa mkazo, muakkada. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha dini, tazama kwanza mwandishi wake ni wa madhehebu gani.

Kuna neno jingine linaloponyoka katika tafsiri. Aya ya 183 ya Suratul Baqara inatumia kitenzi *kutiba*, "imeandikwa", na maana yake pale ni kufaradhishwa. Mswahili akisema "nimeandikiwa" anazungumzia majaaliwa, kama riziki au ndoa. Ndiyo maana mimi napendelea "mmefaradhishiwa kufunga", kwa kuwa msikilizaji halazimiki kupitia kwenye kudra ndipo afike kwenye hukumu. Hadithi ya sita ya Shawwal, kwa upande wake, haikujengwa kwa amri: mwenye kufunga Ramadhani kisha akaifuatishia siku sita, ni kama aliyefunga mwaka mzima. Ni ahadi ya malipo.

Jirani yenu naye ningemwomba aliondoe lile "tu". Suna si kitu cha kupuuzwa. Tena mimi huandika *suna* kwa hukumu hii na *Sunna*, kwa herufi kubwa, kwa mwenendo wa Mtume (s.a.w.), kwa sababu ndani ya mwenendo huo zimo faradhi pia. Anayesema "nafuata Sunna" hajasema kwamba anafanya mambo ya hiari.

Tangazo lenu ningeliandika hivi: "Ni suna kufunga siku sita za Shawwal. Atakayejaaliwa na afunge. Si lazima zifuatane. Mgonjwa ashauriane kwanza na daktari wake."