Mwalimu, Darasa Haliishii Mlangoni

Wiki hii mwalimu kijana wa Kisauni ameniandikia: "Natamani kuwatoa wanafunzi nje, lakini shule haina basi wala pesa. Nianzie wapi?" Mwenzangu, anzia pale miguu inapofika.

Mimi nilianzia Mji wa Kale wa Mombasa, tena kwa hesabu. Tulikuwa kwenye mada ya eneo, na watoto wamechoshwa na mistatili ya daftarini. Nikamwomba bibi mmoja wa karibu na barabara ya Ndia Kuu tukapime vyumba vyake. Akakubali, mradi viatu vibaki barazani. Wakatandaza tepu ya fundi sakafuni, chumba baada ya chumba. Urefu ulikuwa ukibadilika, lakini upana haukupita mita 3. Wakadhani wamekosea, wakapima upya. Ndipo mvulana mmoja, ambaye darasani hafungui mdomo, akatazama juu: "Mwalimu, ni zile boriti!"

Ndizo hasa. Dari za nyumba zile za mawe na chokaa hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya hapo ikabeba uzito ule wote. Ukubwa wa chumba uliamuliwa na mti. Hakuna ubao ambao ungewafunza vile, na najivunia siku ile hadi leo.

Tuliporudi niliitwa ofisini, nikaambiwa mbele ya wenzangu kuwa nawazurulisha watoto wa watu badala ya kuwaandaa kwa mtihani. Neno lile bado linaniuma. Leo mtaala wa umilisi unadai mtoto ajifunze kwa kutenda, na baadhi ya walionicheka wananiuliza wabishe hodi wapi.

Basi, tangulia peke yako. Salimia, kaa, ukikaribishwa kahawa kunywa; mitaa yetu haipendi kuvamiwa. Waarifu wazazi mapema. Beba swali moja tu, kisha nyamaza, maana sisi walimu tuna haraka ya kutoa majibu. Kumfundisha mtoto vipimo mwaka mzima bila kumshikisha tepu ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo tumeizoea mno.

Wala huna haja ya kuvuka daraja la Nyali kuja huku kisiwani. Soko la Kongowea liko upande wenu: waache walinganishe debe na kilo, waulize bei, wapige hesabu ya faida. Nenda pilika za alfajiri zikishatulia, wachuuzi wapate nafasi ya kuwajibu.