Mnaoomba fedha za utafiti: nani atanunua?

Wadogo zangu, nimeletewa rasimu nyingine. Sehemu ya soko imeandikwa tena "jamii ya Malindi". Jamii haina pochi. Mtajeni mnunuzi.

1. Mnunuzi. Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nililifanya mwenyewe, shahada ikiwa bado mbichi na kiburi tele. Tulitaka fedha za kutengeneza kikaushio cha samaki cha nguvu za jua. Michoro ilipendeza, hesabu za joto hazikuwa na doa. Kwenye soko nikawahesabu mama karanga wote kuwa wateja. Mbele ya jopo, mzee mmoja wa hapa hapa Pwani akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mama karanga na samaki mkavu wapi na wapi?" Nilibaki kimya. Mama karanga hununua samaki mbichi, humkaanga, jioni sufuria tupu. Na mimi niliwala samaki hao tangu utotoni! Wauza ng'onda, yaani samaki mkavu, ni watu wengine kabisa, na sikuwa nimewauliza hata bei ya chumvi. Fedha tukanyimwa, kwa haki. Linaloniuma hadi leo ni fundi wetu, aliyekuwa ameshakopa mabati kwa kuniamini mimi.

2. Majaribio. Tuseme kifaa ni kikaushio tena. Januari, kaskazi ikivuma, hata samaki aliyeanikwa juu ya paa hukauka. Nionyesheni takwimu za Mei, masika yakinyesha. Najua, Mei kusi imeshachafua bahari na samaki ni wa kutafuta. Basi wekeni bei hiyo kwenye bajeti, mafuta ya boti pia.

3. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombeni mapema.

4. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Sheria ya Kenya ya 2001 humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuiomba tangu aitangaze kazi yake mwenyewe. Ulaya hawana huruma hiyo. Kwa hivyo nendeni KIPI, ofisi ya hataza, kwanza, bango la kongamano baadaye. Lakini hamsikii, mnapenda kupigwa picha.

5. Utayari wa teknolojia. Kifaa kilichofanya kazi maabara tu kiko kiwango cha 4 kati ya 9. Acheni kujipa 8. Na kama mtauza chakula chenyewe, gharama ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, iwe ndani ya bajeti, isiwe ahadi ya "awamu ya pili".

6. Posho za warsha za Nairobi zisizidi bei ya kifaa. Tunaziona.