Ukakasi si ubovu: maswali yenu kuhusu mvinyo mwekundu

Mbukwenyi wasomaji. Niliahidi kwamba wikiendi moja ya Oktoba nitaonja mvinyo mwekundu tu, mwingi wake wa hapa kwetu Dodoma, kisha niwaeleze nilichokikuta. Kabla sijaanza kuandika maswali yakaanza kuingia, na nimeona yana maana kuliko maelezo niliyokuwa nimeyapanga. Basi nayajibu.

Umekunywa nini, na chupa ipi ungeinunua tena kwa hela yako? (Msomaji wa Nkuhungu)

Chupa tano, kati ya watu wanne hadi sita kutegemea siku, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku.

Ijumaa nyumbani tulifungua mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wa Makutupora Nyekundu, mzabibu uliochukua jina la kituo cha utafiti kilichoko kaskazini mwa mji, Makutupora hiyohiyo tunakopata maji ya bomba. Rangi yake si nzito: ukiinua glasi kwenye taa unaviona vidole vyako upande wa pili. Harufu ni ya zambarau zilizoiva, na nyuma yake kuna kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mdomoni uchachu ndio unaotangulia, unaokaribia ukwaju, halafu unakuja ukavu unaoshika ulimi pembeni. Tulikuwa na shemeji aliyetoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR mchana huo. Funda la kwanza alikunja uso. Chakula kilipofika, maharage ya nazi na nyama ya kukaanga, akaomba aongezewe bila kushawishiwa na mtu. Nimeuona mvinyo huu ukidharauliwa mara nyingi kwa sababu tu watu wameunywa mtupu, kwenye kiti cha plastiki, saa nane za mchana. Unahitaji mafuta na chumvi ya chakula ndipo uchachu wake upate kazi ya kufanya.

Jumamosi tulikwenda Msalato mnadani na chupa ya mvinyo wa zabibu aina ya Syrah kutoka Hombolo. Hii ndiyo jibu la swali lako. Ni nyeusi kuliko ya Ijumaa, inapaka glasi. Ukiinusa unapata pilipili manga kabla ya tunda, kisha tunda lenyewe linajitokeza, na mimi nililifikiria furu, lile tunda jeusi la porini tulilokula utotoni mpaka meno yakabadilika rangi. Ina ukakasi mwingi lakini uliotulia, na ladha yake inabaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Pamoja na mbavu za mbuzi zilizotoka motoni zikiwa na ndimu na chumvi tu, nilinyamaza kwa muda. Ningeinunua tena, na nimeshainunua.

Jumapili mchana, Iyumbu kwa ndugu, kulikuwa na Pinotage ya Afrika Kusini. Huo ni mzabibu uliopatikana Stellenbosch mwaka 1925, mtaalamu Abraham Perold alipochanganya mizabibu ya Pinot Noir na Cinsaut. Ladha ya ndizi mbivu kidogo, kahawa iliyokaangwa, moshi. Safi, laini, haina kosa. Lakini haikunifanya nirudi kwenye glasi kutafuta kitu.

Usiku tulimalizia na dompo, mvinyo mtamu wenye nguvu, vidogo vidogo, na karanga za kukaanga. Wako wanaomwona mnywaji wa dompo kuwa hajui mvinyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mvinyo mtamu wenye kilevi kingi una mahali pake baada ya chakula duniani kote, na sisi mahali hapo tumeshapapata.

Chupa ya tano ilikuwa imeharibika. Harufu ya jemu iliyochemshwa mno, na siki ndani yake. Lebo siitaji, maana niliinunua ikiwa imesimama dirishani mwa duka linalopigwa na jua la magharibi, na chupa iliyokaa juani haitoshi kumhukumu aliyeitengeneza. Ukinunua mvinyo Dodoma, omba chupa iliyotoka nyuma, kwenye kivuli.

Mvinyo mkavu wa hapa unanikausha ulimi kama nimekula ndizi mbichi. Je, umeharibika? (Dada wa Kisasa)

Hapana, dada yangu, na nashukuru umetaja ndizi mbichi, kwa sababu umelipata neno lenyewe. Huo ni ukakasi. Lugha yetu ina neno kamili kwa jambo hilo.

Maji ya zabibu nyingi nyekundu, ukizikamua tu, karibu hayana rangi. Wekundu unatoka kwenye ganda. Kwa hiyo mtengenezaji huziacha zichachuke pamoja na maganda na mbegu kwa siku kadhaa, na humo, pamoja na rangi, hutoka tanini. Tanini ikikutana na mate hushikana na protini zake, ulimi unapoteza utelezi wake, nawe unahisi kukauka. Chai ya rangi iliyokaa na majani muda mrefu hufanya hivyohivyo. Zambarau nazo.

Sasa tofautisha mambo matatu. Ukakasi unauhisi kwenye ulimi na fizi, kama kitambaa. Uchachu unakutoa mate. Siki inakupanda puani na kukuchoma kooni. Mbili za kwanza ni sehemu ya mvinyo. Ya tatu ndiyo ubovu.

Na neno "mkavu" lenyewe halihusu ukakasi. Maana yake sukari ya zabibu imeliwa na hamira ikaisha au karibu iishe. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja ya maji ya zabibu hugeuka takriban asilimia 1 ya kilevi, hivyo zabibu zenye gramu 220 kwa lita zitakupa mvinyo wa karibu asilimia 13 ambao hauna utamu uliobaki. Wengi wetu tulianza na ule mtamu, ndiyo maana mkavu tunauona kama umekosewa. Uzoee na chakula, taratibu. Ukishindwa, hujakosea kitu, kunywa unaoupenda.

Nimeambiwa mvinyo mwekundu ni mwiko kuuweka kwenye friji. Ni kweli? (Msomaji wa Area D)

Weka. Kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ilianzia kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 17. Sebule yangu Oktoba hii inakaribia nyuzi 30. Katika joto hilo kilevi kinatangulia puani na tunda linapotea, kila chupa inaonekana kali.

Nusu saa kwenye friji inatosha, dakika arobaini kama chupa imetoka kwenye buti la gari. Umeme ukiwa umekatika, fanya nilivyofanya Msalato: zungushia chupa kitambaa cha pamba kilichoroweshwa, isimamishe kivulini penye upepo, rowesha tena kikianza kukauka. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji yanaruka haraka na kuondoka na joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa bibi. Kwa watu wa pwani njia hii haifanyi kazi vizuri hivyo, kwa kuwa hewa yao imeshiba maji.

Kuna machicha meusi chini ya chupa. Niimwage? (Kijana wa Makole)

Usiimwage. Ni rangi na tanini zilizoshikana zikazama, na pengine vipande vidogo vya chumvi ya asili ya zabibu vinavyong'aa kama sukari guru iliyosagwa. Isimamishe chupa saa chache, mimina polepole, acha la mwisho.

Mkulima jirani anauza mchuzi wa zabibu kwenye madumu. Ni salama kuununua nikaujaza kwenye chupa? (Mama wa Mpunguzi)

Mama yangu, hili nalijibu kwa uangalifu, maana nawaheshimu sana wakulima wetu. Mchuzi umeokoa zabibu nyingi zisioze shambani pale wanunuzi walipochelewa. Mkulima anazisaga, anazichachua, anauza kwa viwanda, navyo vinauchuja, kuupima na kuumalizia. Kwa hiyo ulichokiona kwenye dumu, mara nyingi, ni mvinyo ulioko katikati ya safari yake.

Hatari ya kwanza ni hamira iliyo hai. Ukiufungia kwenye chupa ya kioo wakati bado kuna sukari ndani, itaendelea kula na kutoa gesi, na chupa inaweza kupasuka mikononi mwako. Hatari ya pili ni chombo. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halisafishiki kwa sabuni, na mvinyo una kilevi na asidi vinavyonyonya kilichobaki kwenye plastiki. Hatari ya tatu ni hewa: dumu lililojaa nusu linageuka siki ndani ya muda mfupi, hasa kwa joto letu.

Niliwahi kuonja mchuzi wa mzee mmoja huko huko kwenu, kwenye pipa safi lililofungwa vizuri, ulikuwa na uhai ambao sijaukuta kwenye chupa nyingi za dukani. Lakini nilikuwa nimeliona pipa na nimemwona mwenyewe. Kwa mvinyo wa kuwapa wageni, nunua uliofungwa, wenye alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA shingoni.

Chupa niliyofungua Jumamosi, Jumatano bado inanyweka? (Msomaji wa Chamwino)

Kama uliiziba ukaiweka kwenye friji, ndiyo, ingawa itakuwa imepoa makali. Kama iliachwa wazi mezani, ipeleke jikoni: inalainisha nyama ya ng'ombe vizuri kabla ya kuichemsha. Dompo na mingine ya aina hiyo, iliyoongezewa kilevi, huvumilia zaidi.

Mume wangu anasema glasi ya mvinyo mwekundu kila siku ni dawa ya moyo. (Msomaji wa Kikuyu)

Mwambie, kwa upole, kwamba hayo yalisemwa sana zamani, lakini Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Mimi nakunywa mvinyo kwa sababu naupenda. Sijawahi kuunywa kama dawa na sitaki mtu aanze kwa sababu hiyo. Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa amuulize daktari wake kwanza. Na anayeendesha gari siku hiyo aionje harufu tu.

Je, divai ya altareni ni tofauti na mvinyo wa dukani? (Mwanakwaya, Bihawana)

Umeuliza ukiwa mahali penyewe. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia ndio walioupanda mzabibu Bihawana, na kutoka hapo zao hili likaenea kwa wakulima wa Dodoma. Kwa hiyo divai kanisani na mvinyo mezani, kwetu, ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti iko kwenye masharti. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Hakuna mvinyo wa matunda mengine, hakuna rangi wala vionjo vya kuongeza. Inaweza kuwa nyeupe au nyekundu, kavu au tamu. Wengi hudhani lazima iwe tamu kwa sababu ndiyo waliyoizoea.

Mlenda je? Au mvinyo mwekundu ni wa nyama choma tu? (Msomaji wa Mvumi)

Nimejaribu mara tatu, ikiwemo na ugali wa uwele Ijumaa usiku tulipobaki wenyewe. Mvinyo wenye ukakasi mwingi na mlenda haviongei: utelezi wa mlenda na ukavu wa tanini vinagombana mdomoni, na karanga za ndani ya mlenda zinageuka chungu. Lakini Makutupora mwepesi, uliopozwa vizuri, uchachu wake unaukata utelezi kama ndimu inavyofanya. Nilishangaa na nilifurahi. Kuku wa kienyeji wa mchuzi pia unapatana naye. Pilipili kali punguza, kwa kuwa kilevi kinaichochea.

Nataka kuja kuona mavuno. Nije lini? (Msomaji wa Morogoro)

Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja. Wetu haupati baridi ya kuulaza, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na takriban miezi minne baadaye anavuna. Ndiyo maana tuna misimu miwili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Njoo Agosti au Septemba. Ile ya masika huja na ukungu kwenye majani na zabibu zilizokunywa maji. Ya kiangazi huiva polepole kwenye jua kavu na usiku wa baridi, na utamu wake unakolea.

Ukifika shambani Hombolo, omba ruhusa, chuma zabibu moja nyekundu kwenye kichala. Kamua maji yake kwanza mdomoni, uone yalivyo matamu tu. Kisha tafuna ganda peke yake, kisha mbegu.